Tano Nukta Mbili

Mimi ni fundi. Kwangu kila kitu kina kipimo:
kiuno cha bi harusi wa Makorora,
bega la mwalimu lililoshuka upande,
hata uongo, mteja anapoapa hajanenepa
nami naacha inchi mbili za akiba kwenye mshono.

Hiki tu hakikupita kwenye futi yangu.
Kilikaa kushoto, vidole vinne chini ya kitovu,
kikiuma nikikanyaga cherehani,
kikitulia nikiacha.

Wifi yangu Mwanahija akasema ni chango.
Akaniletea chupa kutoka Pongwe, maji rangi ya kutu,
niyanywe alfajiri kabla sijatamka neno.
Jirani wa ukutani alihesabu miezi kwa vidole,
akaniuliza mtoto ataitwa nani.

Bombo walitunywesha maji, lita nzima, tusikojoe.
Wanawake saba kwenye benchi moja, magoti yamebana,
na hakuna anayethubutu kucheka
isipokuwa Bi Mwanamkasi wa Muheza,
aliyekuja kuangaliwa baada ya upasuaji.
Chake kilikuwa sentimita kumi na mbili,
na ndani, anasema, kulikuwa na nywele.
"Na jino, mwanangu! Mimi ya mdomoni yanang'oka,
kumbe mengine yanaota huko!"
Wakakitoa pamoja na ovari yake.
"Imebaki moja. Nayo ina kazi zake."
Akafunua kidogo nione alipopasuliwa.
Niliangalia kwa jicho la ufundi:
mshono umenyooka, hatua sawa,
mkono wa mtu asiye na haraka.

Binti wa kipimo anaitwa Nakijwa.
Alinipaka ute wa baridi, akageuza kioo.
Ukungu wa kijivu, na katikati
duara jeusi, limetulia kama kifungo cha koti.
"Nyeusi ni maji," akasema. "Maji matupu.
Hakuna ukuta ndani, hakuna nyama.
Tano nukta mbili."

Daktari alichora nyuma ya kadi yangu.
Kila mwezi ovari hulea yai kwenye kifuko.
Siku ikifika kifuko hupasuka, yai likaenda zake.
Mwezi mwingine kifuko kinagoma,
kinabaki, kinajaa maji,
kama mgeni aliyesahau saa ya kuaga.

"Nani kanifanyia?"
"Hakuna. Ni mwili wako ukiwa kazini.
Umekosea mshono mmoja."

Hapo nikamwelewa. Mimi nakosea kila wiki.

Akanipa vidonge vya maumivu, na kungoja.
Hedhi mbili, kisha nirudi;
vingi vya namna hii hunywea vyenyewe.
Ila maumivu yakinivamia ghafla, ya kunikunja,
nikatapika, nikaona kizunguzungu, homa ikapanda,
nisisubiri kuche, nisimsubiri mume:
ovari huweza kujisokota kama uzi kwenye bobini.
Nije usiku huohuo, hata kwa baiskeli.

Kungoja sikuzoea.
Wateja wangu wanataka kesho,
na Idi ikikaribia wanataka jana.
Usiku ule nilichukua kipande cha kitambaa cheusi,
nikapima, nikazungusha chaki.
Tano nukta mbili. Ndimu.
Nimelala macho wiki tatu kwa ajili ya ndimu.
Maji ya Pongwe niliyamwaga mferejini;
chupa natilia mafuta ya cherehani.

Niliporudi, Nakijwa alipima mara mbili.
Tatu nukta moja.
"Hakijaisha. Tuonane baada ya miezi mitatu."
Nikachora duara la pili ndani ya la kwanza,
chaki ikakatika karibu na mwisho,
nikaliacha na pengo.

Mwanahija akaingia na gauni la kupunguza.
"Umeona? Dawa ya Pongwe hiyo!"
Mdomoni nilikuwa na pini nne.
Nikazitoa mojamoja, nikazichoma kwenye mto,
nikamvutia kiti.
"Kaa, wifi. Kuna kitambaa nataka ukione."